Ripoti ya kijana ina upande wa pili

  Leo naomba unitegee sikio kwa jambo linalotufika sote tulio na vijana katika shule za bweni, mara tatu kila mwaka: mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti na pale mwaka unapoelekea ukingoni. Nazungumzia kufungwa kwa shule.

Dalili zake unazijua. Vituo vya mabasi hufurika masanduku ya bati yaliyoandikwa majina kwa rangi nyeupe. Nauli hupanda bila kuulizwa. Barubaru waliovaa sweta za shule hutembea mjini wanne wanne, tai zimelegezwa, wakicheka kwa sauti iliyovunjika juzi tu. Na huko jikoni kwako ile sufuria kubwa hutolewa kabatini, kwa sababu anayerudi nyumbani hula kama watu watatu.

Kijana anafika, anaweka sanduku chini, na kabla hajaketi swali linamdaka mlangoni: "Umekuwa wa ngapi?"

Sina ugomvi na swali hilo. Karo ni wewe unayelipa, jasho ni lako, na una haki ya kujua pesa zako zimezaa nini. Ninachokuomba leo ni kwamba usiishie hapo. Ile karatasi unayoitwa ripoti ina upande wa alama, na pia ina mistari michache chini kabisa ambayo wazazi wengi hawaisomi: maneno ya mwalimu wa bweni, maneno ya mwalimu wa darasa, na pale panapoandikwa vyama na michezo. Mistari hiyo ndiyo inayoeleza ni mtu wa aina gani anayekua chini ya paa lako. Na kama unataka kujua mistari hiyo hutoka wapi, basi twende pamoja mpaka shuleni katika wiki ya mwisho ya muhula.

Kengele

Tuchague shule ya wavulana ya Kikatoliki, moja kati ya zile nyingi zilizoanzishwa na wamisionari nchini. Mitihani imemalizika Jumanne. Walimu wamejifungia chumbani mwao, vichwa vimeinama juu ya marundo ya karatasi na kalamu nyekundu zinafanya kazi. Wavulana mamia kadhaa wamebaki na siku tatu ambazo hazina hesabu wala kemia. Hapo ndipo unapoijua shule.

Alfajiri kengele inalia kama kawaida. Katika kanisa la shule watumishi wa altare wanawasha mishumaa huku kwaya ikisafisha makoo. Kwenye mabenchi ya nyuma wapo wanaosinzia. Kasisi anawaona, naye huwaamsha kwa kupandisha sauti katikati ya mahubiri. Si wote walio mle ndani ni Wakatoliki. Utamkuta Mwanglikana, utamkuta Msabato, na utamkuta Mwislamu aliyeletwa pale na alama zake nzuri. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu kulingana na imani yake, na shule iliyo na busara humpa kila kijana nafasi yake, kisha huwakutanisha wote uwanjani na katika bwalo la chakula.

Mchana ni zamu ya mashindano ya mabweni. Tuseme fainali ya kandanda ni kati ya bweni la Mtakatifu Petro na lile la Mtakatifu Paulo. Ndoo za kufulia zimegeuzwa ngoma. Wapishi wameacha moto na kusimama kando ya uwanja wakiwa na mwiko mkononi. Zawadi si kubwa: kreti mbili za soda na mikate kadhaa. Hata hivyo, yule kijana mkimya ambaye hakuna mwalimu wa hesabu anayelikumbuka jina lake atadaka penalti ya mwisho, na bweni zima litambeba mabegani hadi bwaloni. Atalikumbuka jambo hilo akiwa na miaka sitini.

Usiku kuna burudani. Wanafunzi huandaa vichekesho, na shabaha ya vichekesho hivyo ni walimu. Mmoja atavaa koti kubwa na kutembea kama mwalimu wa fizikia, mwingine atakohoa kama msimamizi wa masomo. Naibu wa mwalimu mkuu huketi safu ya mbele akijibana asicheke. Anapocheka, ukumbi mzima huanguka. Huo ndio usiku mmoja ambao mkubwa na mdogo huwa sawa, na kesho yake heshima hurudi mahali pake bila kupungua hata kidogo.

Halafu kuna lile jambo ambalo vijana huliita "fanki". Shule ya wasichana hualikwa kwa mjadala au kwa tamasha ya nyimbo. Ukitaka kumwona mvulana akiwa safi, mtafute siku hiyo! Suruali zimelaliwa chini ya godoro usiku kucha ili zipate mkunjo. Kiatu kimesuguliwa mpaka unaweza kujitazama. Tai imeazimwa kutoka kwa rafiki ambaye naye ameiazima. Kisha mjadala unaanza, na mabinti wale wanasimama na hoja zao zilizopangwa kama matofali, wanawaangusha mabarubaru mbele ya mwalimu mkuu na mgeni wa heshima. Usidhani hilo ni mchezo tu. Mvulana anayejifunza kumsikiliza msichana akimshinda kwa hoja, kisha akampa mkono na kumpongeza, amepata somo ambalo litamfaa mkewe siku za usoni.

Siku ya mwisho ni ya kurejesha vitabu, kuosha madarasa, kufagia mabweni na kuhesabiwa. Kitabu kilichopotea huandikiwa bili. Githeri ya muhula mzima huaga na mahali pake hukaa wali na nyama, au chapati kwa shule zilizobarikiwa. Kesho yake asubuhi, ripoti mkononi, lango linafunguliwa.

Mizizi

Sasa najua kuna mzazi anayesema moyoni, "Mwandishi, mimi nililipa karo ya vitabu. Mtihani wa KCSE hauulizi nani alidaka penalti." Ni kweli hauulizi. Lakini hebu tuitazame historia ya shule hizi, kwa maana waliozianzisha hawakuwa watu wa mchezo.

Shule ya Upili ya Mang'u ilianzishwa mwaka wa 1925 huko Kabaa, Machakos, na mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka wa 1940 ikahamia Mang'u, na baadaye ikahamia mahali ilipo sasa karibu na Thika. Rais wa tatu wa Kenya, Mwai Kibaki, alipitia hapo. Wito wa shule hiyo ni maneno mawili ya Kiswahili: Jishinde Ushinde. Yatafakari vizuri. Wito huo hausemi mshinde mwenzako, wala hausemi kuwa wa kwanza. Unamwambia kijana ajishinde yeye mwenyewe kwanza: uvivu wake, hasira zake, woga wake. Na mahali pa kujishinda si darasani peke yake. Ni pale unapofungwa bao na mwamuzi hakuona kosa, nawe unanyamaza na kuendelea kucheza.

Tupande sasa mpaka milimani, Iten, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Shule ya Mtakatifu Patrick ilianzishwa huko mwaka wa 1961 na mabruda wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Mwaka wa 1976 akaja bruda mmoja kijana, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Alianza kuwasaidia wavulana kukimbia kama walimu wengi wanavyosaidia michezo, jioni baada ya masomo. Miaka 12 baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, mvulana aliyetoka shule hiyo, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1,500. Mwaka wa 1992 huko Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule hiyo hiyo, akatwaa dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, aliyekuja kukimbilia Denmark na kuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka wa 1995, 1997 na 1999, alipitia uwanja huo huo. Katika ua wa shule mna miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa hao.

Na kuna jambo la ziada linalotuhusu leo. Bruda huyo alianzisha kambi za mazoezi wakati wa likizo, shule zikiwa zimefungwa, na wasichana wakaalikwa pia. Yaani yale majuma ambayo wazazi wengi huyaona kama majuma ya kulala, yeye aliyaona kama shamba lililolimwa ambalo halijapandwa.

Sisemi kwamba kijana wako atakwenda Olimpiki. Wengi hawatakwenda. Lakini hata mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, umeweka sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari pevu. Kile tulichokiita upuuzi kimeingia darasani kwa mlango wa mbele.

Ona, Amua, Tenda

Katika shule nyingi za Kikatoliki utakipata chama kinachoitwa YCS, yaani wanafunzi Wakristo vijana. Chimbuko lake ni kazi ya padri wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliyewakusanya vijana wafanyakazi wa viwandani katika miaka ya 1920 na baadaye akafanywa kardinali. Aliwafundisha hatua tatu: ona, amua, tenda. Kwanza fungua macho uone hali ilivyo. Kisha ipime kwa Injili na kwa dhamiri. Mwisho fanya kitu, hata kiwe kidogo.

Vijana wa chama hiki hupenda kuutumia mwisho wa muhula kwenda kumsaidia mtu. Watakusanya sabuni na sukari wapeleke kwa makao ya watoto. Watamchotea maji bikizee anayeishi jirani na shule na kumpasulia kuni. Watatembelea wagonjwa. Mvulana ambaye nyumbani kwako haoshi kikombe chake utashangaa kusikia kwamba alipiga deki nyumba ya mtu asiyemjua.

Ukimwuliza, huenda asikuambie. Vijana wa kiume wana aibu ya ajabu juu ya wema wao. Makosa yao watayasimulia kwa majigambo na wema wao watauficha kama mwizi afichavyo mali. Ndiyo maana nakuomba usome ile mistari ya chini ya ripoti. Mara nyingine hapo tu ndipo utakapogundua.

Moto

Sasa, mpenzi msomaji, tuingie katika jambo ambalo si la kucheka.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2001, wavulana 67 waliteketea usiku katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, wilayani Machakos. Wazazi walikuwa wamewapeleka shule wakitarajia kuwapokea muhula ukiisha. Mwaka wa 2016, zaidi ya shule 100 zilikumbwa na visa vya moto, vingi vyavyo katika muhula wa pili. Kati ya malalamiko yaliyosikika mwaka huo ni muhula huo kurefushwa, mitihani iliyokuwa mbele yao, na kanuni mpya zilizopiga marufuku ziara za wazazi, siku za maombi na michezo katika muhula wa tatu.

Sikuelezi haya nipate kuwatetea waliochoma. Anayewasha kiberiti penye wenzake waliolala ni mhalifu, na hakuna mpira uliofutwa unaoweza kuhalalisha jambo hilo. Wala sitakudanganya kwamba shule yenye vyama vingi haiwezi kuungua. Lakini mwalimu yeyote aliyekaa bwenini atakuambia kwamba ghasia nyingi huiva taratibu, na dalili zake huonekana kwa anayekaa karibu na vijana: minong'ono, chakula kinachoachwa, kikundi kinachonyamaza kiranja akipita. Mwalimu wa michezo na mlezi wa kwaya huzisikia habari hizo kabla ya mwalimu mkuu, kwa sababu wao huongea na vijana bila meza katikati. Ukiuondoa uwanja na kwaya, umeyaondoa pia masikio ya shule.

Tena kijana aliyepigania bweni lake uwanjani, akaimba chini ya paa lake na kupika chai na wenzake ndani yake, hulihesabu bweni hilo kuwa lake. Ni vigumu mtu kuchoma kilicho chake. Lakini yule aliyekaa miaka minne akihesabiwa kama namba, hana la kumzuia.

Karo

Hapa nasikia mzazi mwingine akinong'ona: "Hayo yote yana gharama." Ndiyo, yana gharama. Kuna nauli ya kwenda tamasha, kuna raba za kuchezea, kuna michango. Wanaoigiza hubaki shuleni wenzao wakienda nyumbani mwezi wa Aprili, kwa sababu tamasha za kitaifa za michezo ya kuigiza hufanyika wakati huo, na waimbaji hubaki mwezi wa Agosti kwa ajili ya tamasha za muziki, ambazo historia yake inarudi nyuma hadi mwaka wa 1927. Mzazi hupokea ujumbe: mwanao hatakuja leo, na kuna pesa kidogo zinahitajika.

Kama huna, sema huna. Nenda shuleni au piga simu uzungumze na mwalimu mkuu mapema, kabla ya siku ya kufunga, na uahidi unachoweza kutimiza. Tom Mboya alisoma katika shule ya Mtakatifu Mary huko Yala, kisha akaingia Mang'u. Mwaka wa 1947 aliondoka kabla ya kufanya mtihani wake wa mwisho, kwa sababu karo ilikosekana. Baadaye alisomea ukaguzi wa afya, akafanya kazi hiyo jijini Nairobi, akawa kiongozi wa wafanyakazi na waziri hadi alipouawa mwaka wa 1969. Yeye alifika mbali bila cheti kile. Lakini nani awezaye kutuhesabia waliotoka shuleni kwa sababu hiyo hiyo na hatukusikia habari zao tena? Barua ya karo inayofungwa pamoja na ripoti isikufanye umkaripie kijana. Si yeye aliyeiandika, na mara nyingi ameibeba njia nzima ikiwa nzito kuliko sanduku lake.

Njiani

Kuna saa chache ambazo si za shule wala si za nyumbani. Lango limefunguliwa asubuhi, kijana anatarajiwa jioni, na hapo katikati kuna mji mzima. Saa hizo ndizo za hatari. Wapo watu wanaowangoja wanafunzi vituoni wakiwa na bangi, na wapo wanaowauzia pombe bila kuuliza umri. Nauli iliyosalia huishia huko, na wakati mwingine sanduku nalo huibwa.

Usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Jua tarehe ya kufunga. Jua atapanda gari la wapi na atashuka wapi. Kama shule ina mpango wa mabasi ya kuwafikisha mjini, mlipie. Kama unaweza kumpokea kituoni, mpokee, hata kama atajifanya anaona haya mbele ya wenzake. Moyoni amefurahi.

Akishafika

Tuseme amefika, amekula, na ripoti iko mezani. Nina mapendekezo machache kwako, mama na baba.

Kwanza, usiisome mbele ya wageni, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Aliyekuwa na alama 38 katika kemia na sasa ana 47 amefanya kazi, hata kama ripoti inasema ni wa 90. Na aliyekuwa wa tatu akiwa na alama zilizoshuka katika masomo manne ana jambo linalomsumbua, hata kama bado anaonekana yuko juu.

Pili, kama ripoti ni mbaya, ngoja kesho. Usiku wa kwanza ni wa chakula na usingizi. Maneno ya hasira hayamwongezei mtoto alama, na yule anayeogopa kufika nyumbani kesho kutwa atajifunza njia ya kutofika.

Tatu, muulize maswali ambayo majibu yake hayamo kwenye karatasi. Ulicheza nini? Ulisimama mbele ya watu mara ngapi, na uliongea nini? Nani rafiki yako, na wazazi wake ni akina nani? Nani anayeonewa bwenini, na wewe ulifanya nini ulipoona? Swali hili la mwisho liulize polepole, kisha unyamaze. Huenda atakayekuwa akionewa ni yeye.

Nne, pima kiasi. Kijana aliye katika vyama saba, anayesafiri na kila timu na kukosa kila jaribio la hesabu, anakikimbia kitabu na amepata kichaka kizuri cha kujificha. Michezo mmoja na chama kimoja vyatosha. Mwambie achague, kisha mpe heshima ya chaguo lake.

Wakumbuka Machi ya 2020, shule zilipofungwa ghafla kwa sababu ya korona, na wengi wa wanafunzi wasirudi hadi Januari 2021? Wazazi wengi walikaa na vijana wao muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa nao, wakagundua kwamba wanamfahamu mwanafunzi lakini hawamfahamu mwana. Likizo ya kawaida ni fupi sana. Usiimalize yote ukiongea habari za alama.

Nawe, mwanafunzi

Najua nawe unalisoma ukurasa huu, pengine baada ya babako kuutia alama kwa kalamu. Yako ni machache.

Kabla ya kutoka langoni muhula huu, rudisha kitabu cha mwenzako na shati la mwenzako. Waage wapishi na bawabu kwa majina yao. Yule mliyepigana katikati ya muhula, mpe mkono. Usiende naye likizo ukiwa umembeba moyoni, ni mzigo usiolipiwa nauli.

Ukifika nyumbani, jua kwamba wewe si mgeni. Ile kazi uliyoifanya kwa bikizee jirani na shule, ifanye kwa mamako bila kungoja kutumwa. Chagua jambo moja la likizo na ulimalize: kitabu kimoja cha hadithi, kwaya ya parokia au ya msikiti wa kwenu kama wana kasida, mbio za asubuhi, kumsaidia mdogo wako kuhesabu. Vyote huwezi, kimoja waweza.

Na ripoti yako, iwe nzuri au mbaya, ikabidhi kwa mikono yako mwenyewe siku ile ile. Usiifiche chini ya godoro, wala usigeuze tatu kuwa nane. Mzazi anaweza kuisamehe alama ya tatu. Uongo wa nane utakaa naye muda mrefu, na siku utakapomwambia ukweli atakutazama mara mbili kabla ya kukuamini.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Shule imefanya sehemu yake kwa majuma kumi na kitu, na sasa zamu ni yako, mpenzi msomaji. Soma upande wote wa karatasi ile, kisha umtazame aliyeileta.

Panapo majaliwa tuonane tena Jumapili ijayo. Nawatakia wanafunzi wote safari njema na likizo ya amani.